Sahani ya Bi. Isabella Raine

KAMATI YA SHEREHE ZA KUTAWAZWA KWA MALKIA
MTAA WA INKERMAN, HAGBURN, DURHAM

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUFUNGIA KAZI, KILICHOFANYIKA JUMANNE TAREHE 9 JUNI 1953, CHUMBA CHA SHULE YA JUMAPILI, KANISA LA WAMETHODISTI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Matthew Stobbs, nyapara wa zamu mgodini (Mwenyekiti)
2. Bw. Cuthbert Laidler, seremala mstaafu (Mweka Hazina)
3. Bi. Dora Pallister (Mjumbe, Chakula)
4. Bi. Olive Tarn, karani wa duka la ushirika (Katibu)

ALIYEALIKWA
Bi. Edith Hindmarsh, nyumba Na. 14, binti wa marehemu Bi. Isabella Raine

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Wilfred Hindmarsh (Mjumbe, Televisheni na Viti): yuko shimoni, zamu ya jioni. Kwa udhuru.
2. Bi. Jane Stobbs (Mjumbe, Michezo ya Watoto): Mwenyekiti alisema kichwa kinamuuma. Katibu alimwona dukani saa kumi na moja akichagua vitambaa, lakini imeandikwa kichwa.

KUMB. NA. 1/9-6/53: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi saa 12:35 jioni. Alieleza kwamba kazi ya leo ni kupokea taarifa ya sherehe, kushukuruana, na kuvunja kamati, kisha kila mtu arudi kwake. Alitarajia tumalize ndani ya nusu saa kwa kuwa ana njiwa wake wa mashindano wa kuwaangalia.

Katibu alimkumbusha kwamba ajenda iliyobandikwa ina jambo la nne, yaani ombi la Bi. Edith Hindmarsh, lililoletwa kwa barua siku ya Jumapili. Mwenyekiti alisema haoni haraka ya jambo hilo, marehemu kazikwa Jumamosi tu, watu wapewe nafasi ya kupumua. Katibu alijibu kwamba kamati ikivunjwa leo, kesho hakutakuwa na mtu wa kumjibu. Bi. Pallister alisema Olive anapenda karatasi kuliko watu. Katibu aliiandika kauli hiyo kama ilivyotoka.

Bi. Hindmarsh alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa koti jeusi, pochi mapajani. Mwenyekiti alimwomba asogee mezani. Alisema pale alipo panamtosha.

KUMB. NA. 2/9-6/53: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA VIKAO VILIVYOPITA

Kumbukumbu za tarehe 26 Mei zilithibitishwa, isipokuwa Bi. Pallister alitaka pale palipoandikwa kwamba "alifoka" paandikwe kwamba "alisema". Ilikubaliwa, ili tuendelee.

Katibu alitaka kusoma kumbukumbu za kikao cha dharura cha tarehe 2 Juni, siku yenyewe ya sherehe. Mwenyekiti alisema hicho hakikuwa kikao. Yalikuwa maneno ya watu wanne waliosimama kando ya birika la chai, na maneno ya kando ya birika hayathibitishwi. Katibu alieleza kwamba akidi ilitimia, hoja ilitolewa, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemwambia aandike. Akaandika. Kama kikao kina kitu kingine zaidi ya hicho, yeye katika miaka kumi na tisa ya kuandika kumbukumbu hajakiona.

Mwenyekiti aliagiza ukurasa huo utolewe daftarini. Katibu alikataa, kwa sababu daftari hili halichanwi, lilikuwa hivyo wakati wa vita na litakuwa hivyo sasa. Akasoma, na hapa inanukuliwa:

"Iliazimiwa kwamba sahani ya Bi. Isabella Raine isipelekwe nyumbani, kwa kuwa amekataa kusimama wimbo wa taifa ulipopigwa. Kwa kuwa yeye ni mzima wa miguu, aje ukumbini mwenyewe, aombe radhi, ale. Mtoa hoja: Bw. Stobbs. Aliyeunga mkono: Bi. Pallister. Kura za ndiyo tatu. Katibu hakupiga kura. Saa 8:20 mchana."

Ilionekana kwamba Bi. Hindmarsh hakuwa na habari ya azimio hilo. Aliuliza kama ni kweli lilipigiwa kura. Bw. Laidler akasema ni kweli. Bi. Hindmarsh alisema alikuwa palepale ukumbini, akipita na sinia la keki, na kwamba Bi. Pallister alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe, "Usijali, mwanangu, mama yako atapelekewa chakula na Olive." Bi. Pallister alisema hakumbuki. Halafu alisema huenda alisema hivyo ili asimharibie mtu siku.

Uthibitisho uliahirishwa mpaka jambo la nne lisikilizwe.

KUMB. NA. 3/9-6/53: TAARIFA YA SHEREHE

Katibu alisoma taarifa. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri na baridi ilikuwa ya Februari. Rangi ya vibendera vya karatasi ilichuruzika ukutani kwa Bw. Laidler, na mpaka leo ukuta wake una michirizi myekundu na ya buluu. Meza zilizopangwa katikati ya mtaa ziliondolewa saa tatu asubuhi na kuhamishiwa ukumbi wa kanisa. Vikombe vya ukumbusho vilitosha watoto wote, kimoja kikiwa kimekatika mkono. Jeli ilikwisha kabla ya wa mtaa wa pili kupata, na kuna manung'uniko.

Asubuhi watu ishirini na saba walikusanyika sebuleni kwa Bw. na Bi. Hindmarsh, kwenye televisheni pekee ya mtaa. Viatu viliachwa mlangoni. Mapazia yalifungwa ili picha ionekane, kwa maana kioo chenyewe hakizidi sahani ya mkate. Watoto walikaa sakafuni, kina mama kwenye viti vya kuazima, wanaume wakasimama nyuma kofia mkononi. Ilikuwa raha, na Katibu hataki mtu yeyote aje aseme haikuwa raha. Watu walicheka walipoona umati wa London umelala barabarani usiku kucha kwenye mvua, Bw. Hindmarsh akasema angalau sisi tumelowa na kukauka.

Bi. Raine, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alikaa mbele kabisa kwenye kochi, amevaa kofia yake ya kijani ya harusini. Kuna waliokonyezana kumwona pale. Kila mtu mtaani anajua kwamba mwanawe Robert alipozama na meli mwaka 1942, ilikuja barua ya rambirambi yenye jina la Mfalme. Bi. Raine alisema saini ni ya chapa, akaikunja na kuifanya kabari ya mguu wa meza unaoyumba. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, hakutundika hata kibendera. Lakini asubuhi hiyo alipoulizwa na Bi. Pallister amefuata nini, alijibu, "Nimekuja kuona farasi." Marehemu mumewe alikuwa mtunza farasi wa kuvuta makaa shimoni. Magari ya farasi yalipopita alipiga makofi kama msichana, akawaambia watoto kwamba yule wa kijivu wa kushoto ana kwato inayomsumbua, na watoto wote wakakodoa macho kumtafuta farasi mwenye kwato mbovu.

Yapata saa saba mchana kikombe cha chai kilimponyoka, kikamwagikia zulia jipya la Bi. Hindmarsh. Baada ya hapo hakusemesha mtu. Sebule ilikuwa giza na watu wote walikuwa wanatazama Malkia.

Saa 7:50 mchana ibada ilikwisha na wimbo wa taifa ukapigwa. Wajumbe watakumbuka kwamba kikao cha Aprili kilipitisha kanuni ya kwamba wimbo ukipigwa popote, hata sebuleni mwa mtu, wote wasimame. Hoja ilikuwa ya Bw. Stobbs, ambaye alikuwa amechoshwa na wanaotoroka sinema, ambako wimbo hupigwa filamu ikiisha, kabla haujamalizika. Watu ishirini na sita walisimama. Bi. Raine hakusimama.

Mwenyekiti aliomba taarifa ikomee hapo. Katibu alisema taarifa bado ina mistari minne. Mwenyekiti alisema ikomee hapo.

KUMB. NA. 4/9-6/53: OMBI LA BI. HINDMARSH

Bi. Hindmarsh alisimama na kueleza kwamba anaomba mambo mawili tu. Azimio dhidi ya mama yake lifutwe. Pia kamati itoe tangazo, libandikwe ubaoni mlangoni mwa duka la ushirika ambako kila mtu hupita, liseme kwamba Isabella Raine hakukataa kusimama, bali alikuwa ameshikwa na kiharusi, hawezi mguu wala ulimi.

Aliulizwa na Mwenyekiti tangazo litamsaidia nini marehemu. Alijibu kwamba Jumamosi waliozika walikuwa kumi na mmoja, ukihesabu mchungaji na wabebaji wanne. Hapa mtu akifa mtaa mzima hufunga mapazia ya mbele mpaka jeneza lipite. Nyumba ni thelathini na mbili. Alizihesabu mwenyewe akiwa nyuma ya jeneza, na zilizofunga mapazia ni nne. Kina mama wa kanisa hawakuleta hata kipande cha nyama ya msibani. Kwenye foleni ya samaki mtu alimwita mama yake "yule aliyemkalia Malkia", na watu wakacheka. Alisema mama yake aliishi mtaani humu miaka hamsini na moja, amezalisha nusu ya waliocheka, na hatakubali jina hilo ndilo libaki.

Mwenyekiti alisema anampa pole kwa moyo wote, lakini kiharusi hakuna aliyekijua. Alichokiona yeye ni mwanamke aliyekaza shingo. Alimwambia, "Simama, Bella, hata kwa leo tu," naye akamkodolea macho na kumtolea sauti ya kumzomea mbele ya watu wote. Mtu mzima anazomewa, wimbo wa taifa unapigwa, afanye nini.

"Hakukuzomea," alisema Bi. Hindmarsh. "Alikuwa anajaribu kukujibu. Ulimi ulikuwa umekufa upande mmoja."

Mwenyekiti alisema yeye si daktari.

Bi. Hindmarsh alisema daktari alikuwepo jioni, naye alimuuliza. Mama yake alikutwa hai saa 12:20 jioni, familia iliporudi kutoka ukumbini. Moto ulikuwa umezimika na televisheni ilikuwa ikinguruma bila picha. Alikufa kesho yake adhuhuri, hajasema neno. Alimuuliza daktari, kama angepatikana saa tisa ingekuwaje, na daktari akasema hilo hawezi kuliapia, ila angalau asingekaa peke yake kwenye baridi. Alisema saa tisa ndiyo saa ya sahani. Alikuwa akijiuliza wiki nzima imekuwaje aliyepeleka sahani asimwone mama yake. Leo amejua hakuna aliyetumwa.

Katibu anaeleza, kwa faida ya atakayesoma daftari hili baadaye, kwamba ni desturi ya mtaa huu katika kila karamu kuwapelekea sahani wazee na wagonjwa walioshindwa kufika, na anayepeleka huingia ndani, humsalimu mtu, hutia makaa kwenye moto, ndipo hutoka. Haijawahi kutokea mtu akanyimwa sahani, hata wakati wa mgomo wa wachimba makaa wa 1926.

Bi. Pallister aliomba nafasi. Alisema yeye ana umri wa kumzaa Edith, kwa hiyo atasema ukweli ambao wengine wanaumung'unya. Kamati isibebeshwe mzigo wote. Edith naye alikuwepo. Wakati wanatoka sebuleni kwenda ukumbini Edith alimwinamia mama yake na kumwambia, watu wakisikia, "Umenivua nguo nyumbani kwangu." Pale ukumbini, alipoulizwa kama atarudi kumtazama, alisema mwacheni akae na njaa, labda atajifunza. Bi. Pallister alisema hataki kumuumiza mfiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kikao kilimsubiri Bi. Hindmarsh. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nilisema," alijibu. "Neno kwa neno. Nilikuwa na aibu, na zulia lilikuwa limelowa chai, nikamchukia mama yangu kwa mchana mmoja. Hilo ni langu, nitalala nalo. Mimi sikuja kuwaomba mlibebe. Nimekuja mwandike lenu."

Mwenyekiti alisema hapo ndipo tatizo lilipo. Tangazo likisema mama alikuwa mgonjwa, kesho yake mtu atauliza, basi ilikuwaje watu ishirini na sita wakamwacha mgonjwa sebuleni wakaenda kula keki. Na kamati itakuwa imejifunga kitanzi yenyewe. Alipendekeza badala yake kamati ipeleke shada la maua kaburini, lenye kadi nzuri. Bi. Hindmarsh alisema maua mama yake alikuwa akipanda mwenyewe.

Bw. Laidler, ambaye husema mara moja kwa mwaka, alisema anataka jambo liandikwe. Kura yake ya tarehe 2 haikuwa kura. Alikuwa anakata nyama, Matthew akasema wanaokubali, naye akainua mkono wenye kisu ili waendelee na chai. Hakusikia hata hoja yenyewe ni ipi. Alisema amefanya kazi ya useremala miaka arobaini, ametengeneza majeneza ya nusu ya makaburi yale, na la Bella alilipiga randa Alhamisi yote huku anajua kwamba aliinua mkono ule. Alisema haoni tofauti ya kuinua mkono kwa kutosikia na kuinua kwa chuki, sahani haikwenda tu.

Katibu aliandika.

KUMB. NA. 5/9-6/53: HOJA NA KURA

Bw. Laidler alitoa hoja kwamba azimio la tarehe 2 Juni lifutwe na tangazo libandikwe kama lilivyoombwa. Hakuna aliyeunga mkono. Mwenyekiti alingoja kidogo, akaanza kusema kwamba hoja imeanguka. Katibu aliunga mkono. Bi. Pallister alishangaa akauliza tangu lini Katibu anajiingiza. Ilifafanuliwa kwamba Katibu ni mjumbe na ana kura, ingawa hajapata kuitumia.

Kura: ndiyo, Bw. Laidler na Katibu. Hapana, Bi. Pallister na Bw. Stobbs. Kura zikiwa sawa, Mwenyekiti alisema atatumia kura yake ya turufu, na hoja imeanguka, na anamshukuru Bi. Hindmarsh kwa kuja.

Bi. Hindmarsh alianza kufunga vifungo vya koti.

Katibu aliomba, kabla kura haijaingia daftarini, atoe maelezo binafsi. Mwenyekiti alisema kura imekwisha. Katibu alisema kura huisha anapoiandika yeye, na bado hajaiandika. Aliweka kalamu chini. Maelezo yanayofuata yameandikwa na Bw. Laidler kwa penseli na kunakiliwa na Katibu bila kubadilishwa.

Katibu alieleza kwamba siku ya sherehe yeye ndiye aliyepeleka sahani. Saa 9:15 alasiri alitoka ukumbini na sahani tatu zilizofunikwa kitambaa, za nyumba Na. 9, Na. 17 na Na. 22. Mvua ilikuwa inanyesha. Ili kufika Na. 17 lazima upite Na. 14, kwa kina Hindmarsh.

"Nilisikia mtu anagonga," alisema Katibu. "Ndani ya dirisha, chini kabisa, karibu na fremu. Pole pole, kama anayegonga kwa pete. Nikasimama. Nilijua ni Bella, nani mwingine angekuwa mle? Nikasema moyoni, anaita sahani yake. Mapazia yamefungwa, ameona miguu yangu tu kwa chini. Nikasema, aje mwenyewe, ndivyo tulivyoandika. Karatasi niliyoandikia azimio kabla ya kulinakili daftarini ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na mwandiko ni wangu. Nikaenda."

Bw. Laidler aliuliza kama alipita tena wakati wa kurudi.

"Nilipita. Mikono mitupu. Alikuwa bado anagonga."

Hapo Bw. Laidler aliweka penseli chini, na Katibu akashika tena kalamu.

Bi. Hindmarsh alitoka mlangoni akaja mezani kwa mara ya kwanza jioni hii. Alisema yeye na Wilf walimkuta mama yake sakafuni chini ya dirisha, pazia limeng'oka pete mbili. Walidhani alianguka tu kutoka kwenye kochi. Kutoka kwenye kochi mpaka dirishani ni hatua tano za mtu mzima. Alimuuliza Katibu kama ana hakika ilikuwa saa 9:15.

Katibu alisema ana hakika. Aliangalia saa, kwa sababu yeye huangalia saa.

"Na kurudi?"

"Saa tisa na dakika arobaini."

Bi. Hindmarsh alihesabu kwa vidole juu ya meza, dakika ishirini na tano. Hakumpiga Katibu wala hakumtukana, ingawa Katibu alikuwa amejiandaa kwa yote mawili na angeona nafuu.

Bi. Pallister alianza kulia. Alisema mwaka 1926, alipojifungua mtoto wake wa pili na hakuna makaa ndani ya nyumba, Bella ndiye aliyekuja na ndoo, na jambo hilo alikuwa amelisahau au alijisahaulisha. Aliomba kura yake ibadilishwe. Mwenyekiti alisema kura haibadilishwi. Katibu alisema bado haijaandikwa.

Kura, kama ilivyoandikwa: ndiyo tatu, hapana moja. Hoja imepita. Azimio la tarehe 2 Juni limefutwa, lakini maneno yake yanabaki daftarini yasomeke.

Katibu aliandika tangazo papo hapo na kulisoma kwa sauti: "Kamati ya Sherehe, Mtaa wa Inkerman, inatangaza kwamba marehemu Bi. Isabella Raine hakukataa kusimama wimbo wa taifa ulipopigwa tarehe 2 Juni. Alikuwa ameshikwa na kiharusi akiwa kitini. Kamati ilimdhania vibaya, ikamnyima sahani yake, na kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumtazama. Kamati inamwomba radhi binti yake na mkwewe."

Bi. Hindmarsh aliulizwa kama ameridhika. Alisema bado. Aliomba yaongezwe maneno machache mwishoni, kwamba aligonga dirisha, na kwamba alisikika.

Mwenyekiti alisema maneno hayo yatawaumiza walio hai bure, na Olive ndiye ataumia kuliko wote, maana anasimama nyuma ya kaunta ya duka hilo hilo kila siku ya Mungu.

"Najua anaposimama," alisema Bi. Hindmarsh.

Katibu aliyaongeza.

KUMB. NA. 6/9-6/53: KUVUNJA KAMATI NA KUFUNGA

Birika la chai litarudishwa kanisani na viti virudishwe kwa wenyewe kufikia Ijumaa. Bi. Pallister ataviosha vitambaa vya meza. Kamati ilivunjwa. Mwenyekiti hakutoa neno la shukrani, na hakuna aliyelidai.

Kikao kilifungwa saa 2:10 usiku bila sala. Tangazo litabandikwa kesho saa mbili asubuhi, duka likifunguliwa, na Katibu mwenyewe.

Zimesainiwa:

M. Stobbs, Mwenyekiti
(kuthibitisha mahudhurio tu)

O. Tarn, Katibu
(kuthibitisha yote)